Maswali ya Wasomaji: Kasi Yangu ya Kukimbia Inanitia Aibu

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu watu walioanza kukimbia hivi karibuni ambao wanasumbuliwa na namba wanazozisoma kwenye simu au kwenye saa zao. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa mwandishi wake ametuletea hesabu kamili na hesabu hiyo inaeleza mengi kuliko alivyodhani yeye mwenyewe.

Swali la kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, na ninafanya kazi ya uhasibu hapa mjini Arusha. Miezi mitatu iliyopita nilianza kukimbia alfajiri, siku tatu kwa wiki, kutoka Sanawari kupandisha barabara ya Ilboru hadi kilomita 2 na nusu, kisha kurudi njia ileile. Wenzangu wa ofisini wana kundi la WhatsApp ambamo kila mmoja huweka picha ya simu yake baada ya kukimbia, na karibu wote hutumia dakika 6 au 6 na nusu kwa kilomita. Mimi wiki iliyopita nilitumia dakika 45 na sekunde 50 kwa kilomita 5, yaani wastani wa dakika 9 na sekunde 10. Simu ilinionyesha kilomita ya kwanza 8:05, ya pili 10:50, ya tatu 10:10, ya nne 8:50 na ya tano 7:55. Sijawahi kuweka picha yangu kundini. Jumamosi moja nilikwenda nao Njiro, nikashika mwendo wao kwa dakika kama kumi, nikapata kichomi, nikakaa chini kando ya barabara, hadi kijana wa bodaboda akasimama kuniuliza kama nipelekwe hospitali. Tangu siku hiyo naona haya. Tumepanga kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, mimi nikiwa kwenye zile kilomita 5. Je, mwendo wangu ni wa kawaida kwa anayeanza, au nina tatizo? Nijilazimishe kufikia dakika 7 kabla ya siku hiyo?

*M., Sanawari, Arusha*

Jibu

Marahaba, mama. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: ndiyo, ni mwendo wa kawaida, na sisemi hivyo kwa kukufariji. Mtu mzima mwenye afya anayetembea kwa haraka, kama anayewahi daladala, hutumia takriban dakika 10 hadi 12 kwa kilomita. Aliyeanza kukimbia ukubwani, miezi mitatu tu baada ya kuanza, mara nyingi huwa amesogea kidogo tu mbele ya hapo, na anasogea kiasi gani hutegemea uzito wake, usingizi wake, kazi yake ya mchana kutwa na barabara anayoikimbia. Wewe katika barabara zote za mji huu umechagua ile inayoupanda Mlima Meru.

Sasa tuziangalie namba zako, kwa sababu wewe umeshughulika na ule wastani peke yake, na wastani ndio unaoeleza machache zaidi. Kilomita yako ya kwanza na ya tano ni kipande kilekile cha barabara: ya kwanza ulikuwa unakipanda, ya tano ulikuwa unakishuka. Ulikipanda kwa dakika 8 na sekunde 5, ukakishuka kwa dakika 7 na sekunde 55. Tofauti ni sekunde 10 tu. Mtu aliyegawa nguvu zake sawasawa hawezi kupanda na kushuka mlima mmoja kwa muda unaokaribiana hivyo. Ni lazima awe ameanza kwa pupa. Ndiyo maana kilomita ya pili ikakugharimu dakika 10 na sekunde 50, mwendo ambao wengi wetu tunaufikia kwa kutembea, na nina hakika kwamba katika kipande hicho ulisimama au ulitembea huku mikono ikiwa kiunoni. Tatizo ulilonalo, kama tunataka kuliita tatizo, liko katika zile dakika 8 za kwanza, ulipokuwa unakimbia haraka kuliko uwezo wako wa siku hiyo kwa sababu miguu ilikuwa bado mibichi na pengine kwa sababu Sanawari alfajiri ina macho mengi.

Tazama pia kwamba kati ya kilomita yako ya haraka kuliko zote na ile ya polepole kuliko zote kuna tofauti ya karibu dakika 3, ingawa mkimbiaji ni yuleyule, asubuhi ni ileile na raba ni zilezile. Ukiniuliza ipi kati ya hizo tano ndiyo kasi yako, sitakuwa na jibu, na hata wenzako wa kundini hawana, kwa sababu wanaweka picha bila kusema walikimbia wapi, saa ngapi na kwa kukazana kiasi gani.

Mahali tunapoishi nako kuna mchango wake. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho shinikizo la hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na la pwani, hivyo kila pumzi unayoivuta inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwili huzoea kwa sehemu, lakini hauwezi kulifuta pengo lote. Kama katika kundi lenu yuko mtu anayetuma picha zake kutoka Dar es Salaam, ambako njia ni tambarare na hewa ni nzito, namba zake na zako hazipaswi hata kuwekwa kwenye ukurasa mmoja, ingawa yeye naye ana adhabu yake ya joto na jasho.

Hata mabingwa hawapimwi kwa namba peke yake. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha kwa kukimbia marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ambayo ni sawa na dakika 3 na sekunde 5 hivi kwa kila kilomita. Mtanzania mwenzake Gabriel Geay alikuwa amekimbia umbali huohuo mjini Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akawa wa pili. Kwa hiyo muda wa dhahabu uko nyuma ya muda wa nafasi ya pili kwa karibu dakika 7. Valencia ni mji wa njia tambarare, mbio zake hufanyika Desemba kwenye ubaridi, na kuna watu wa kuongoza mwendo. Tokyo kulikuwa na joto, na kila mmoja alikuwa akimvizia mwenzake hadi hatua za mwisho, ambapo Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja na ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Anayesoma muda bila kusoma barabara angempa medali mtu mwingine.

Kama simu haifai kukuongoza kwa sasa, nini kifae? Mimi ningekushauri utumie salamu. Kwenye barabara ya Ilboru alfajiri huwezi kukosa kukutana na wazee, akina mama wanaoshuka na mizigo kuelekea sokoni, au mlinzi anayetoka zamu. Ukikutana na mtu anayestahili shikamoo, mwamkie kwa sauti, msubiri akuitikie, kisha umuulize habari za asubuhi, yote hayo bila kupunguza mwendo. Ukiweza kuyasema kwa pumzi ya kawaida, uko kwenye mwendo unaokufaa. Ukiweza neno moja moja huku unahema katikati, umevuka. Na ukiona unampungia mzee mkono kwa sababu sauti haitoki, basi umekosa mambo mawili kwa wakati mmoja, mazoezi na adabu. Walimu wa riadha duniani kote huwapima wanafunzi wao kwa mazungumzo, na kipimo hicho hakihitaji chaji.

Sisi tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulikijua zamani bila kuambiwa jina lake. Mchakamchaka ulikuwa ukikimbiwa kwa kuimba: mmoja anaanzisha, shule nzima inaitikia, kuanzia wa darasa la kwanza mwenye miguu mifupi hadi wa darasa la saba. Haukuwezekana kwenda mbio zaidi ya wimbo, kwa sababu wimbo ungekatika na kiranja angejua. Sijui ni kwa nini tukishakuwa watu wazima na kununua viatu vya bei tunaamini kwamba kukimbia ni lazima kuwe ni kutweta.

Mwendo huo wa kuimbika ndio hasa unaojenga mwili wa mtu anayeanza. Moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli, na chembe za misuli zinajifunza kutumia mafuta kama nishati badala ya kuimaliza sukari iliyohifadhiwa. Mabadiliko haya hutokana na wingi wa dakika ulizokimbia katika wiki na miezi, na kwa anayeanza ukali wa kila dakika una mchango mdogo. Jambo jingine ni kwamba moyo na mapafu huimarika mapema kuliko kano na mifupa. Katika mwezi wa tatu au wa nne, yaani hapo ulipo wewe, pumzi huanza kumruhusu mtu kukimbia kasi ambayo kano ya kisigino na mifupa ya ugoko bado haijakubali kuibeba, na wengi hupata maumivu ya ugoko wakati huohuo wanaojisikia vizuri. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza kujilazimisha dakika 7 kabla ya Moshi.

Fanya hivi. Endelea na siku zako tatu, lakini acha kuhesabu kilomita. Hesabu dakika 35 au 40, na uiweke simu mfukoni au kwenye mkoba wa kiunoni ili usiione njiani. Dakika 5 za kwanza tembea kwa haraka. Ukianza kukimbia, nenda polepole kiasi cha kujionea aibu, kwa sababu kipande kile cha chini ndicho kinachokuharibia vipande vya juu; ukiona kilomita ya kwanza imekuchukua zaidi ya dakika 9, ujue umeanza vizuri. Mlima ukizidi, tembea. Siku moja kati ya tatu iache barabara ya Ilboru kabisa, utafute mahali palipo sawasawa, ili miguu ijue kukimbia bila kupanda. Mara moja kwa mwezi, na si zaidi, rudia njia yako ya kilomita 5 saa ileile ya alfajiri, upime, uandike, kisha ufunge daftari. Ulinganisho pekee ninaouheshimu ni huo, wa wewe wa mwezi huu na wewe wa mwezi uliopita kwenye barabara moja. Usishangae kama mara ya kwanza utakuta wastani haujabadilika ila kilomita ya pili imepungua kutoka 10:50 hadi 9 na kitu. Mimi nitahesabu hayo kuwa maendeleo makubwa.

Kuhusu Moshi, zile kilomita 5 ni mbio za kujifurahisha, watu hukimbia na watoto wao na wengine hutembea mwanzo hadi mwisho. Moshi iko chini ya Arusha kwa mita mia kadhaa, hivyo hewa itakuwa nzito kidogo kwako, ila mwishoni mwa Februari ni msimu wa joto, na jua la kule likishatoka halibembelezi. Faida moja inaweza kuliwa na hasara nyingine, kwa hiyo usiende na namba kichwani.

Lile kundi la WhatsApp nakuachia mwenyewe uamue. Kama kuweka picha kunakukera, usiweke, wala usitoke kwenye kundi kwa hasira. Ila siku ukipata ujasiri, weka namba zako zote tano badala ya wastani, na uandike kwamba ni njia ya Ilboru. Nina hisia kwamba yuko mwingine humo ndani ambaye hukimbia dakika 9 na hajawahi kuweka picha yoyote.

Jambo moja la kiafya lisipuuzwe. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio usiotulia hata baada ya kupumzika, acha mazoezi na umwone daktari. Na kwa akina mama, hasa wanaopata hedhi nyingi, kuhema kusikolingana na juhudi kunaweza kutokana na upungufu wa damu, ambao hakuna mazoezi yatakayouponya. Kupima wingi wa damu ni kipimo kidogo kinachopatikana katika vituo vingi vya afya.

Swali la pili

Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 66, naishi Shanty Town, Moshi. Mwanangu ameniletea saa ya kukimbilia, nami nikaanza mazoezi mepesi ya asubuhi. Nikiwa chini ya miti mikubwa saa husema dakika 7 kwa kilomita, baada ya hatua chache 11, kisha 8, ilhali mimi sijabadilisha mwendo. Vilevile inasema mapigo yangu ya moyo hayafiki kiwango cha mazoezi, ingawa ninatoka jasho. Natumia dawa ya shinikizo la damu. Je, saa ni mbovu au mimi ndiye mbovu?

*Mstaafu, Moshi*

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Hakuna mbovu kati yenu. Saa hukisia mahali ulipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na mawimbi hayo yakipita kwenye majani mazito au yakigonga kuta hufika yamechelewa kidogo, hivyo saa hukuweka mita chache kushoto, kulia, mbele au nyuma ya ulipo kweli. Kwa mtu anayekimbia dakika 8 na sekunde 20 kwa kilomita, ambaye husogea mita 2 kila sekunde, muda wa sekunde 5 ni mita 10 tu. Kosa la mita 3 au 4 hapo linatosha kubadilisha namba yote. Kosa hilohilo likigawanywa kwenye kilomita nzima halionekani sana. Kwa hiyo usisome kasi ya papo hapo. Iambie saa ikuonyeshe muda tu, na kasi uisome baada ya kilomita kukamilika.

Ukitaka kipimo kisichobishaniwa, tafuta uwanja wenye njia ya mita 400 na ukimbie mizunguko miwili na nusu, ambayo ni kilomita moja kamili. Kimbia njia ya ndani kabisa. Nimewahi kuona watu wakizunguka njia ya nane kwa sababu ya ukarimu, wakiwaachia vijana ile ya ndani, bila kujua kwamba mzunguko wa huko nje ni takriban mita 453, na mizunguko miwili na nusu inawaongezea zaidi ya mita 130 za bure, kisha wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba uzee umewakuta.

Kuhusu mapigo ya moyo, saa nyingi hutoa umri kwenye 220 na kuchukua jibu, kwako 154, kuwa kikomo chako. Hiyo ni hesabu ya wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo zile za kundi la atenolol, huzuia moyo usiende mbio, hivyo saa itaendelea kukudai mapigo ambayo dawa imeyakataza. Tafadhali usiyakimbilie. Muulize daktari wako dawa unayotumia ni ya kundi gani na kama anakuruhusu kukimbia au kutembea tu kwa haraka, na kwa sasa ongozwa na mazungumzo kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza. Wewe mwalimu mstaafu uliyefundisha Moshi, sidhani kama utakosa wanafunzi wa zamani wa kukusimamisha kila baada ya mita mia.

Swali la tatu

Mwalimu, nina miaka 20, nasoma chuo hapa Arusha. Nikikimbia siwezi kumaliza dakika 20 bila kutembea. Rafiki zangu wanasema ukitembea hujakimbia. Je, ni kweli?

*Mwanafunzi, Arusha*

Jibu

Si kweli, kijana wangu. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alitumia miaka mingi baada ya hapo kuwafundisha wanaoanza kuchanganya kukimbia na kutembea kwa mpango, na wengi wao wamemaliza marathoni kwa njia hiyo. Neno la kuzingatia ni mpango. Wewe unakimbia hadi unaishiwa, ndipo unatembea, na kufikia hapo kutembea hakukusaidii tena kwa kuwa pumzi imeshakwisha. Kimbia dakika 2, tembea dakika 1, rudia hadi dakika 20 zitimie, kwa wiki mbili. Kisha kimbia dakika 3 kwa kutembea 1. Dakika zako 2 zikitimia, tembea hata kama unajisikia una nguvu za kuendelea, na hasa kama unajisikia una nguvu za kuendelea.